Kidirisha Nilichokitoboa kwa Mdomo

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala marafiki, wala ugumu wa maisha. Nilitoboa tundu kwenye gari la mzee aliyeniamini, na sikutumia nyundo wala patasi. Nilitumia mdomo, nikiwa nimekaa, nikitafuna karanga zake mwenyewe.

Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu mliyekaa naye benchi moja mvua ikinyesha. Jina langu silitaji. Bukavu ni mji wa mteremko: neno ukiliachia Nyawera asubuhi, mchana limekwisha kufika ziwani.

Asubuhi ile niliamka, nikafunga viatu, nikatia chaja ya simu mfukoni, nikatoka. Mama mwenye nyumba alikuwa anafagia. Akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia, mbele. Hakushangaa, amenizoea. Shule niliiacha mapema kwa sababu nje ya dirisha kulikuwa na mambo mengi kuliko ubaoni, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata pua yangu. Nimebeba mizigo bandarini, nimeuza maji, nimelala Uvira, nimelala Lwiro kwa sababu tu mtu aliniambia kule kuna nyani wanaoitwa kwa majina nami nikataka kuyasikia.

Lakini asubuhi ile sikufuata pua. Nilikuwa namkimbia mzee mwenye goti bovu. Jamani, aibu iliyoje, kumkimbia mtu ambaye hata akijitahidi hawezi kukufikia!

Mzee huyo ni Papa Murhula. Zamani alikuwa dereva. Siku hizi amestaafu, na kila Jumapili baada ya misa, baraza yake inajaa watu wazima wanaocheza na magari madogo.

Msicheke. Au chekeni, mimi nilicheka wa kwanza. Siku niliyowaona mara ya kwanza nilikuwa napita tu, nikachungulia juu ya ua, nikaona watu wenye miwani wameinamia kisanduku kidogo, kimya, mmoja ameshika kibano. Nilidhani wanazika kuku.

Akaniona Maman Chantal. Huyu anafanya kazi katika ofisi moja ya misaada, anavaa saa ya dhahabu, na ana ulimi wa wembe.

"Weye, unatafuta nini? Hapa hatuuzi kitu."

Nikamwambia ninachungulia tu.

"Basi chungulia ukiwa umekaa. Utaharibu shingo bure."

Ndivyo nilivyoingia. Kumbe wanaunganisha makete. Makete ni magari ya plastiki yanayokuja vipande vipande ndani ya sanduku, lile gari la kweli limepunguzwa mara ishirini na nne, nawe unakata, unasugua, unapaka rangi, unagandisha kwa kole, ndiyo gundi. Masanduku hayo anayaleta dada yake Maman Chantal anayeishi Ubelgiji. Na yote, jamani, yote ni magari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona barabarani. Magari mekundu ya mashindano. Magari ya Wamarekani yenye mikia kama samaki. Vifaru vya vita, ambavyo sisi hatuna hamu ya kuvisogeza karibu.

Kwa hiyo mazungumzo ya baraza ile yalikuwa mamoja: kwa nini viwanda havitengenezi makete ya magari yetu? Kila mmoja alikuwa na lake la kuomba. Maman Chantal aliomba katrel, kigari cha Kifaransa cha masista wa parokia yake, kile chenye giya inayotoka mbele kama mpini wa mwavuli. Kulikuwa na mwalimu wa chuo kikuu aliyeomba tingatinga la kusawazisha barabara, na Maman Chantal akamwambia kiwanda hakiwezi kutengeneza kitu ambacho hapa kwetu hakijawahi kusawazisha chochote. Papa Murhula aliomba 404, pikapu ile ya turubai nyuma, iliyobeba watu na mihogo na mbuzi na maiti na maharusi kabla barabara hazijafa.

Ila si kila mtu anaruhusiwa kuomba. Wana sheria yao. Kabla hujataja gari unalolitamani, unatoa ushahidi, na Maman Chantal anauita ushahidi wa matako. Ulipandaka? Ulikaa wapi? Ilikuumiza wapi? Yeye kwenye ile katrel alikalia katoni ya mishumaa ya kanisa, na kila kona mshumaa mmoja ulivunjika chini yake, na sista akamwambia atalipa kwa rozari. Wakapokea ushahidi wake. Mwalimu alipakatwa na baba yake kwenye kiti cha lile tingatinga, na kovu la chuma cha moto bado liko kwenye paja. Wakalitazama kovu, wakapokea.

Mimi sikuwa na kitu. Nilizaliwa magari hayo yanazikwa. Nimepanda pikipiki, nimepanda malori juu ya magunia ya kabichi, lakini gari la zamani, lenye jina na hadithi, hata moja. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kushika kole, kunoa mikasi na kumenya karanga. Wakaniita chef wa kole, mkubwa wa gundi.

Nilivumilia kwa muda mrefu. Kisha Jumapili moja, maombi yakiwa yamezunguka baraza nzima, Maman Chantal akanigeukia.

"Na weye, chef wa kole? Mu maisha yote hakuna gari hata moja ilikubebaka?"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, kisicho na ubaya, ningeweza kucheka nao yakaisha. Ole wangu! Badala yake macho yangu yaliangukia meza ya Papa Murhula.

Ni lazima niwaambie alichokuwa nacho mezani. Papa Murhula alichoka kusubiri viwanda, akaanza kuitengeneza 404 yake mwenyewe kwa mkono. Bodi aliikata kwenye makopo ya maziwa ya unga. Magurudumu aliyachonga kwenye ndala. Vyuma vinavyoinua turubai vilikuwa vya mwavuli, na vioo alivikata kwenye filamu ya eksirei ya goti lake lile lile bovu, akiisugua mpaka mifupa ikatoka. Pembeni kulikuwa na kijikopo cha rangi ya kijani.

Nikakumbuka njia ambayo mzee alipenda kuitaja, nikasema, "Ile ya turubai. Niliipanda njia ya Luhwindja, ningali mutoto."

Papa Murhula akaweka mkasi chini.

"Rangi gani?"

"Kijani. Kama majani ya chai, lakini imepauka."

"Nyuma ya dereva ilikuwa kioo?"

Nikaitazama ile ya mezani. Hapakuwa na kioo. "Bati," nikasema.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mwongo mdogo tu, wa kawaida, ambao Mungu anawasamehe kwa mafungu. Lakini mimi nikipewa kiti nataka na mto. Nikaongeza.

"Bati, lakini iko na kidirisha. Kadogo, ka kuvuta. Ba-mama wa nyuma banamupitishia dereva muhindi wa kuchoma."

Papa Murhula akavua miwani. Akaeleza polepole kwamba kioo cha nyuma kilivunjwa na mfuko wa mihogo, akachomelea bati yeye mwenyewe. Gari lilikuwa la kijani. Na alipolichoka, alimwuzia mfanyabiashara wa dhahabu wa Luhwindja, na hakwenda tena kulitazama, kwa sababu gari ukishaliuza ni kama binti uliyemuoza, huendi kuchungulia jikoni kwake.

"Kidirisha mimi sikuwekaka," akasema.

Nikajua nimekamatwa. Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa miguu chini ya benchi. Na hapo, wapendwa, mzee mwenyewe akaniokoa, nami nikakubali kuokolewa.

"Ni yule mwenye alinunua," akasema. "Njo yeye aliweka. Alifanya muzuri."

Akanitazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni ameleta salamu kutoka mbali. Akauliza kama gari lilikuwa bado linapanda milima.

"Ilikuwa inalia kidogo," nikasema, "lakini inapanda."

"Inalia kidogo," akarudia, na akaendelea kurudia taratibu huku akikunja miwani yake. Ushahidi wangu ukapokewa. Maman Chantal mwenyewe alinisogezea kiti chenye mgongo.

Jumapili iliyofuata nilikuta ametoboa.

Alikata ule ukuta wa bati nyuma ya dereva, tundu dogo la mraba lenye kingo zilizosuguliwa, na kifuniko kinachoteleza kwa ncha ya sindano. Akaweka mkono wa mama mmoja unaotokea humo, umeshika muhindi usiozidi punje ya mchele. Ukutani humo humo, ambako kwa miaka yote alijua kwa vidole vyake mwenyewe kwamba hakuna kitu, alikata kwa sababu yangu. Watu walikipokezana kigari kile kama mtoto mchanga. Mwalimu wa chuo alifungua na kufunga kidirisha mpaka Maman Chantal akampiga kofi la mkono.

Mimi nilifanya nini? Nilishauri kwamba muhindi ungekuwa umeungua zaidi upande mmoja. Na akaupaka nyeusi!

Sasa sikieni uongo unavyooa na kuzaa. Maman Chantal anazungumza kwenye mtandao na wapenzi wa makete wa nchi nyingine, ambao nao kumbe kazi yao ni kulalamika vilevile: huyu anataka basi la mji wake, yule anataka gari la posta la utoto wake, na viwanda vikubwa haviwasikii. Kati yao yuko Mbelgiji mmoja mwenye banda nyuma ya nyumba. Humo anamimina makete machache kwa mkono, na anachagua yale magari tu ambayo viwanda vimeyakataa. Maman Chantal akamtumia picha za 404 ya Papa Murhula.

Alijibu haraka. Amewahi kuona 404 nyingi, alisema, lakini kidirisha hicho hajawahi kukiona popote duniani. Aletewe gari lenyewe alipime. Akiridhika, ataliweka ndani ya sanduku, na juu ya sanduku ataandika Bukavu.

Niliona mzee wa zaidi ya miaka sabini akisimama na kusahau fimbo yake.

Siku ile wote waliimba. Mimi pia niliimba, lakini karanga ziligeuka mchanga kinywani. Nilianza kuelewa kwamba watu wasionijua, katika nchi nisizozijua, wataketi na kibano na kole na kuunganisha uongo wangu kwa uangalifu mkubwa, wakifuata maelekezo.

Bado ningeweza kusema. Nilikuwa na Jumapili za kutosha. Kila moja nilikwenda nimejiandaa, na kila moja Papa Murhula alinipokea kwa kuniuliza jambo jingine dogo kuhusu gari lake. Je, turubai lilikuwa limebadilishwa? Je, dereva alikuwa mpole kwa abiria? Nikawa namjibu. Nilimpa dereva mpole, mwenye kofia.

Kisha akasema lile lililonimaliza. Huyu Mzungu anapima kwa milimeta, akasema, nami kidirisha nimekikata kwa kusikia tu. Mzee anataka kwenda Luhwindja kabla dada yake Maman Chantal, aliyekuja likizo, hajakipeleka kigari Ubelgiji. Ataenda kutafuta mabaki ya 404 yake, ayapime mwenyewe.

Binti yake akamwambia kwamba hilo goti halifiki hata sokoni. Maman Chantal akamwambia kwamba njia ile kwa mvua hizi inawashusha hata vijana na kuwatembeza kwa magoti. Akawajibu kwamba amenunua mabuti.

Akanishika bega. "Weye njo utanipeleka. Weye unaijua."

Niliitika. Kisha siku ya kuondoka ikiwa imekaribia, nikaamka asubuhi, nikafunga viatu, nikamwambia mama mwenye nyumba, mbele.

Nilitembea mpaka Nyantende bila kufikiri. Pale nikakaa kando ya barabara karibu na wakulima waliokuwa wakipakia viazi, nikala ndizi, nikajiuliza niende upande gani wa dunia ambako hakuna anayependa magari. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikagusa chuma. Ulikuwa mkasi wa bati wa Papa Murhula. Alinipa nikaunoe.

Na hapo, aibu yangu yote ikageuka kuwa wazo. Sijivunii, nawasimulia tu. Niliwaza: kama mabaki ya gari lile yapo kweli, na kama mimi nitayafikia kabla ya mzee, si ninaweza kukata kidirisha? Mraba mdogo tu. Kisha niupake udongo, niusugue kutu. Uongo wangu ungekuwa kweli, na mzee angeupima, na Mbelgiji angefurahi, na hakuna ambaye angeumia isipokuwa bati.

Nikadandia lori la viazi lililokuwa linarudi tupu. Lilipoishia nikachukua pikipiki. Pikipiki ilipozama nikashuka, nikavua viatu, nikapanda milima kwa miguu nikiwa nimelowa mpaka kwenye mawazo. Kama Papa Murhula angekuwa nami siku ile, ningempandisha vipi? Swali hilo lilinisindikiza kila kilima, nami nikawa naliambia linyamaze.

Luhwindja ilinipokea kwa ukungu na wachimbaji wa dhahabu waliorudi kazini wenye matope mpaka kwenye nyusi. Sikumjua mtu. Nilianza kuuliza kila mwenye mvi kuhusu 404 ya kijani. Wengine walinitazama kama mtu anayemuulizia babu wa mbuzi. Hatimaye mzee mmoja aliyekuwa anauza mandazi akanyoosha kidole.

"Ile ya turubai? Iko kwa mujane Nabintu. Lakini haiko gari tena. Iko nyumba."

Maman Nabintu nilimkuta anachambua maharage. Mama mnene, mtulivu, mjane wa yule mfanyabiashara. Nikamsalimu, nikamwambia natafuta mahali pa kulala. Hilo halikuwa uongo. Akaniambia ana chumba kimoja anachowapa wapita njia, akanitangulia nyuma ya nyumba.

Nikalitambua kabla hajasema. Mlango wa chumba kile ulikuwa bati la kijani, limepauka kama majani ya chai, limeongezewa mbao juu na chini. Ulikuwa ule ukuta wa nyuma ya dereva. Mstari wa kuchomelea ulikuwa pale pale, umeinama kidogo kulia, kazi ya mtu aliyejifunza kuchomelea siku hiyo hiyo.

Akaniachia taa, akarudi kwenye maharage yake. Nikafunga mlango, nikatoa mkasi.

Nilipapasa bati lote. Lilikuwa zima, halina kidirisha wala dalili yake. Kulikuwa na kitundu kimoja tu, cha kupita kidole kidogo, na ukingo wake mmoja umelika, umekuwa laini kama mdomo wa chungu. Niliweka mkasi pale. Kitundu tayari kingenipa pa kuanzia. Nikabana mara moja, bati likatoa sauti ndogo.

"Unafanya nini na mulango yangu?"

Alikuwa amerudi na blanketi. Sikuwa na uongo karibu, jambo la ajabu kwangu. Nikamuuliza tu, kile kitundu ni cha nini.

Akaweka blanketi kitandani. Akasema ni cha kamba. Mume wake alipoinunua 404, abiria walikuwa wanagonga bati kwa ngumi ili dereva asimame, na akachoka kugongwa kichwani siku nzima. Akatoboa hapo, akapitisha kamba, mwisho wake akafunga kengele ya baiskeli karibu na sikio lake. Anayeshuka anavuta. Wanawake wa soko walivuta kwa heshima. Watoto walivuta kwa mchezo, naye alikuwa anasimamisha gari, anashuka, anamvuta sikio mmoja wao, yeyote, kisha wanaendelea.

"Yeye mwenyewe alikuwa anacheka," akasema. "Hata leo watu wa hapa bakiniona banafanya 'ngili', sawa kengele."

Nikautazama ule ukingo uliolika. Uliliwa na kamba, na kamba ilivutwa na watu waliokuwa wanafika nyumbani. Mimi nilitaka kuupanua kwa mkasi ili upite muhindi wangu.

Simu yangu ilishika mtandao pale pale mlangoni. Nikampigia mzee.

"Papa, kidirisha hakikuwako. Nilisema bongo, uongo mutupu. Gari yako sikuipandaka hata siku moja."

Nilisikia redio yake, na kuku wa jirani.

"Kwa hiyo haikulia," akasema.

"Papa?"

"Ulisema ilikuwa inalia kidogo mu mupando. Haukuisikia."

"Sikuisikia."

"Nilitoboa gari yangu juu ya maneno yako," akasema, bila hasira hata kidogo, na afadhali angenitukana mpaka kwa mababu. Nilikuwa nimemletea habari za gari lake, na sasa nilikuwa nazichukua zote kwa mara moja, mpaka dereva mwenye kofia.

Nikamwambia basi nilichokikuta. Mlango. Mstari wa kuchomelea. Kitundu, kamba, kengele ya baiskeli.

"Kamba ilipitia upande gani?"

"Upande wa kushoto, Papa. Hapana. Inategemea umesimama wapi."

"Kaa mu gari," akasema. "Kaa kama dereva, geuza mugongo."

Nikaketi kwenye ukingo wa kitanda, mgongo kwenye mlango, Maman Nabintu akinitazama kama anayejutia kunipa chumba. Nikanyoosha mikono kama nimeshika usukani. Kitundu kilikuwa nyuma ya bega langu la kulia, juu kidogo. Nikamwambia.

"Ku sikio ya kuume," akasema. "Muzuri. Ya kushoto ilikuwa ya upepo."

Maman Nabintu akaninyang'anya simu. Akamuuliza yeye ni nani, na alipojua ni yule aliyemwuzia mume wake gari akaketi kabisa, kitandani kwangu, na mimi nikasimama. Walizungumza mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nilisikia upande mmoja tu. Hapana, papa, haikuwa inalia, ilikuwa inakohoa. Asubuhi ikikohoa, mtaa wote unajua ni saa ya soko. Ndiyo, ilimpeleka yeye kujifungua mtoto wa kwanza. Ndiyo, turubai lilibadilishwa, akaeleza rangi, akaeleza aliyelishona. Wakacheka sana kuhusu mbuzi mmoja. Mimi nilisimama pembeni na mkasi wa watu mkononi, nikisikia ushahidi wa kweli unavyotolewa.

Aliponirudishia simu, Papa Murhula alikuwa na sentensi chache. Gari halipo tena mezani. Dada yake Maman Chantal aliiwahisha safari yake, amevuka mpaka wa Ruzizi asubuhi ile ile niliyotoroka, amelibeba kwenye begi la mkononi, na kidirisha chake na muhindi wake. Mabuti atampa mkwe wake. Haji.

"Mulango utaipima weye," akasema. "Yote. Halafu ukirudi, utakaa ku kole."

Maman Chantal naye alinitumia sauti asubuhi iliyofuata. Hakunitukana pia, alinipa pole kwa kurudishiwa cheo changu cha zamani. Lakini habari zake hazikuwa nzuri. Amemwandikia Mbelgiji ukweli wote, naye amejibu kwamba anasikitika, ila kidirisha ndicho kilichompendeza, na huenda akakiacha pale pale ukutani. Atatazama gari likifika. Papa Murhula amekataa kumbembeleza. Amesema mwenye banda ndiye mwenye sanduku, na yeye Murhula ndiye aliyekata bati, hakuna aliyemshika mkono. Nasikia meza yake iko tupu, na Jumapili hii hakutoa karanga.

Hiyo ndiyo gharama yangu. Mzee aliishi na gari lake kichwani kwa miaka, zima, bila kosa, na mtu wa kwanza kulitia dosari ni mimi, kwa ajili ya kiti chenye mgongo.

Naandika haya nikiwa bado kwa Maman Nabintu. Ameniruhusu kubaki mpaka nimalize kupima, kwa sharti kwamba mkasi ukae jikoni kwake. Chumba ni kidogo na giza, lakini hakivuji, na wapita njia wenzangu wanakoroma kwa adabu.

Ninyi mnaokaa na watu wenye kumbukumbu zao, mkiulizwa kama mlikuwapo na hamkuwapo, semeni hamkuwapo. Ni neno fupi, na karanga mtapewa tu. Mwenye kumbukumbu anakuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe, kwa sababu ana njaa ya shahidi. Atakata pale unapomwambia akate.

Na ninyi wapenzi wa makete, popote mlipo, kama siku moja mtapata sanduku lenye 404 ya kijani, limeandikwa Bukavu, fungueni mtazame ukuta wa nyuma ya dereva. Mkikuta kidirisha, nawaomba, kizibeni. Msugue mpaka bati liwe sawa, mpake rangi ya chai iliyopauka. Kisha chukueni sindano nyembamba kuliko zote mlizo nazo, mtoboe kitundu kimoja, nyuma ya bega la kulia la dereva, juu kidogo, usawa wa sikio.